Hamu ya Kuchora Inaanzia Kwenye Kitambaa

Maneno ya kufungulia mafunzo ya wachoraji vijana, Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, wadogo zetu mlioacha kazi za asubuhi mkaja hapa, jambo kwenu wote.

Tumeombwa tuseme kinachomsukuma mchoraji achore, na njia anayopita mpaka afike kwenye tablo, yaani picha iliyokamilika juu ya kitambaa. Najua wengine wanangoja habari za moyo, ndoto na kipaji. Hizo tutazigusa kidogo tu, kwa maana hamu huja na hamu huenda, na hakuna anayeweza kuifundisha. Kinachofundishika ni hiki: mchoraji anayedumu amejipangia kazi hivi kwamba hata siku asiyo na hamu, mkono wake unapata pa kuanzia. Na wengi waliodumu katika mji huu walifika hapo kwa kujinyima. Walichukua rangi chache, au alama moja ya mkono, au habari moja, wakakaa nayo miaka.

Ushahidi tunao hapa hapa. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha ateliye, karakana ya wachoraji, iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Kila mmoja alitakiwa atafute mkono wake mwenyewe. Bela Sara aliweka burashi pembeni, akachora kwa ncha za vidole. Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki, nyoka na majani, na nyuma yao hakuacha mahali patupu: alipajaza alama ndogondogo zinazojirudia. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyolala sambamba, katika rangi za udongo.

Kaeni kidogo mbele ya kazi ya Mwenze. Akikaa mbele ya karatasi hakuwa na haja ya kujiuliza leo achore kwa mtindo gani. Swali hilo lilikwisha kujibiwa. Lililobaki ni moja: kistari kielekee wapi? Kikifuata mviringo wa bega, bega linajaa. Kikigeuka ghafla, mkono unaachana na tumbo bila kuchorewa mpaka. Vikisogeleana, panakuwa giza. Vikiachana, mwanga unaingia. Yaani kwa alama moja tu alipata umbo, mpaka na kivuli. Kijana mwenye tyubu 24 za rangi na burashi 10 ana maswali mengi mno kabla hajagusa kitambaa, ndiyo maana saa nne asubuhi bado anapanga meza.

Kuna wanaosema Le Hangar ilichora Afrika ambayo wanunuzi Wazungu walitaka kuitundika ukutani: swala, majani na mto, lakini reli hapana, mgodi hapana, bomba la moshi la kiwanda hapana. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Romain-Desfossés alifariki 1954, na kufikia hapo Laurent Moonens alikuwa amekwisha kufungua Akademi ya Sanaa hapa mjini, mwaka 1951. Lakini jibu zito zaidi kwa lawama hiyo halikutoka shuleni. Lilitoka kwa wachoraji wa mitaani miaka ya 1970, na jina linalojulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947.

Tshibumba alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Alichora jela la wakati wa mkoloni, mfungwa analazwa chini na kuchapwa, na juu yake maneno: Colonie Belge (Koloni la Ubelgiji) 1885–1959. Alimchora Lumumba, alichora vita, alichora wafalme wa zamani. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa tablo takriban 100 za historia ya nchi, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian moja baada ya nyingine. Nyingi kati yake zimehifadhiwa Amsterdam. Watu wa nyumba za kawaida walinunua tablo za namna hiyo wakazitundika sebuleni, na walichokitaka ni ukumbusho: mgeni aingie, aione, na mazungumzo yaanze.

Sasa mnaona vyanzo viwili vya msukumo. Mmoja anasukumwa na namna ya kuchora, mwingine na jambo ambalo hataki lisahaulike. Kuna na cha tatu, oda ya mteja, ambacho wasanii wachanga wanakionea haya bila sababu. Mteja akisema anataka kijiji cha babu yake na mto upite kushoto, amekupunguzia maswali. Mfanyie vizuri, na mahali alipokaa kimya weka la kwako.

Tukiwa kwenye jambo la kukumbukwa, kuna zoezi ambalo kila mtu atalifanya leo. Kabla ya kuchora, andika nyuma ya kitambaa sentensi moja: mtu akiondoka mbele ya tablo hii abaki na nini? "Mama anauza makala (makaa) mvua ikinyesha, na hawezi kuyafunika yote." Hiyo ni tablo. "Maisha ya Katanga" si tablo, ni jina la duka. Na kama sentensi yako ina mambo matatu yaliyofungwa kwa "na", una tablo tatu. Chagua moja, nyingine ziandike kwenye daftari. Picha nyingi tunazoletewa zimejaa: soko, ajali, askari, mlima wa takataka za mgodi, mtoto analia, vyote vikipiga kelele kwa sauti moja. Jicho likiingia halijui likae wapi, linatoka.

Baada ya sentensi, michoro midogo. Chora visanduku vya sm 6 kwa sm 8, uwiano ule ule wa tablo ya sm 60 kwa 80 tutakayoitumia. Kila kisanduku dakika tano, kwa makala, vivuli vitatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Usichore pua wala vidole. Fanya 12. Vinne vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angevichora, mhusika katikati, upeo wa macho nusu kwa nusu. Kuanzia cha tano mkono unachoka na mazoea, unaanza kumsogeza mama pembeni, kumpa mgongo, kukata kichwa cha lori. Vibandike ukutani, rudi nyuma hatua nne. Kile ambacho bado unakisoma ukiwa huko ndicho utakachokikuza.

Tuje kwenye kitambaa chenyewe, maana hapa ndipo tablo nyingi za mji huu zinapofia, miaka mitatu baada ya kuuzwa.

Fremu ya sm 60 kwa 80 inahitaji mbao kavu. Mbao mbichi ya sokoni hujipinda kiangazi kikianza. Kabla ya kufunga kona, pima kutoka kona hadi kona: fremu ya 60 kwa 80 iliyonyooka inatoa sm 100 kamili, pande zote mbili za mshazari. Ikisoma 101 huku na 99 kule, fremu imelala upande, na kitambaa kitakunja mikunjo pembeni hata ukivute vipi. Ukingo wa ndani wa mbele upunguze kwa randa au msasa, ubao uinamie ndani. Usipofanya hivyo kitambaa kitagusa ubao, na mstari wa fremu utajichora katikati ya anga lako baada ya miezi michache.

Kitambaa kiwe amerikani nzito au gunia la unga la pamba. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni. Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia gundi isiingie. Gunia lina mabaki ya unga, na unga ni chakula cha wadudu na ukungu. Vilevile kitambaa kisichooshwa kitasinyaa siku utakapokipaka maji, na hapo fremu itakunjika. Kata ukiacha sm 6 kila upande. Anza kupigilia katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaoukabili, kisha hizo mbili nyingine, ndipo utembee kuelekea kona. Ukianzia kona, umekosa tayari.

Kwanza kinapakwa gundi ya seremala ile nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 3, mara mbili, ikauke kati yake. Kazi yake ni kuziba nyuzi. Anayechora kwa rangi ya mafuta asiruke hatua hii kabisa, kwa maana mafuta yakigusa pamba tupu huifanya ikauke na kukatika. Halafu tabaka jeupe: sehemu 3 za rangi nyeupe ya maji ya ukutani, sehemu 1 ya pemba (udongo mweupe) iliyopepetwa kwa kitambaa cha soksi, sehemu 1 ya gundi, na maji mpaka iwe kama uji mwepesi. Tabaka tatu nyembamba, la kwanza kwa kwenda chini, la pili kwa kwenda upande, la tatu chini tena, ukipitisha msasa laini kila baada ya kukauka. Watu wanapaka moja nene wapate kumaliza. Tabaka nene haliwezi kujikunja pamoja na kitambaa, basi hupasuka, na rangi iliyo juu yake hupasuka nayo.

Kujua kama limefaa ni rahisi. Lowesha kidole, sugua pembeni. Kidole kikitoka cheupe, gundi ni kidogo, na chochote utakachochora juu kitabanduka. Rangi za ukutani za bei ya chini zimejaa chokaa na zina gundi haba. Hizo ndizo zinazotia doa jeupe kwenye shati ukiegemea ukuta. Kwenye tablo ni vilevile.

Majira nayo yana neno. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki) chini ya hapo haishikani: maji yanaondoka lakini gundi yake haiungani, inabaki unga au inapasuka vipande. Basi miezi hiyo ngoja jua lipande, na usiache kazi mbichi nje usiku. Mchana wa kiangazi una tatizo jingine, rangi inakauka kwenye sahani kabla hujaigusa, na vumbi jekundu linatua juu ya kila kilicho kibichi. Kitambaa kibichi kitandazwe sahani zenu zikae juu yake. Majira ya mvua kitambaa hulegea. Gonga kidogo kabari za kona, vile vipande vya mbao vinavyosukuma fremu itanuke, usivute upya kwa misumari, la sivyo kikikauka kitavuta mpaka kipasue rangi.

Sasa rangi. Tunawapa tano tu kwa wiki ya kwanza, na nne kati yake hazinunuliwi dukani.

Nyekundu na manjano zinatoka ardhini. Chukua udongo wa barabara iliyokatwa, au wa kichuguu, ambao ni mlaini lakini una ufinyanzi mwingi. Ukaushe, utwange, utie kwenye ndoo ya maji, koroga, hesabu mpaka 60, kisha mimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili. Mchanga unabaki chini, unautupa. Iache ndoo ya pili usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, na tope lililobaki ndilo rangi. Udongo wa manjano ukiuchoma kwenye kipande cha bati juu ya mbabula (jiko la makaa), ukiukoroga, unageuka mwekundu, kwa sababu maji yaliyofungwa ndani ya madini yake ya chuma yanatoka. Uondoe mapema upate rangi ya machungwa, uchelewe upate wekundu uliokolea. Kutoka ndoo moja mnapata rangi tatu.

Nyeusi ni makala. Yasage mpaka yawe laini, na mtaona yanaelea juu ya maji yakikataa kulowa. Dawa yake ni spiriti, au matone ya lutuku, pombe kali ya kienyeji (tunasema matone), ukikanda kwanza ndipo utie maji. Nyeusi hiyo ikichanganywa na nyeupe inatoa kijivu chenye ubaridi, na kijivu hicho kikiwekwa jirani ya nyekundu ya udongo, jicho linakisoma kama buluu. Anga ya jioni inatoka hapo bila tyubu ya buluu. Ikichanganywa na manjano ya udongo, inatoa kijani cha majani makavu. Anayejua mambo haya mawili anaweza kuchora msitu wa miombo mzima.

Nyeupe ndiyo mnayonunua, akriliki ya titani. Pemba haitoshi: ikishalowa gundi inakuwa nusu-uwazi, mstari wa chini unaonekana. Ibaki kwenye tabaka la msingi.

Ya tano ni malakiti, jiwe la kijani la shaba, na hapa tuna bahati ambayo wachoraji wa miji mingi hawana. Wachongaji wanaotengeneza vikuku na vibweta wanabaki na vipande visivyofaa, ombeni hivyo. Msichukue vumbi la mashine, limechanganyika na mchanga wa msasa na dawa ya kung'arishia. Jiwe hili si gumu, linavunjika kwa nyundo ndani ya kitambaa kilichofungwa. Kinachowaharibia watu ni kulisaga mno. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo kijani kinavyopauka, mpaka kinafanana na chokaa ya hospitali. Saga kidogo, osha kwa maji, tenga chembe nene na nyembamba kwa njia ile ile ya ndoo mbili. Nene ni kijani kirefu cha kuweka mwisho, juu. Nyembamba ni ya chini.

Malakiti ni shaba, na vumbi lake ni sumu. Saga ikiwa imeloa, funika pua na mdomo, vyombo vyake visirudi jikoni, watoto wasikae karibu. Na isikutane na asidi. Anayechora kwa kiini cha yai juu ya tripleksi (ubao wa tabaka) huwa anatia matone ya siki yai lisioze. Siki hiyo na malakiti vikikutana, povu linatoka na rangi inaharibika. Kwa kijani hiki, vunja yai jipya kila siku na uache siki. Kiini nacho hakifai kwenye kitambaa kinachojikunja, kitapasuka. Ni cha ubao peke yake.

Kukanda: kipande cha kioo, jiwe lenye uso bapa, vijiko 2 vya tope la rangi kwa kijiko 1 cha gundi ya akriliki. Paka kipande kidogo, kikauke, sugua kwa kitambaa kikavu. Rangi ikitoka, ongeza gundi. Ikang'aa kama nailoni, umezidisha. Kumbukeni pia kwamba akriliki ikiwa mbichi gundi yake ni nyeupe, ikikauka inakuwa wazi, kwa hiyo kila rangi hukolea ikikauka. Wakati wa kutafuta rangi ya jana, usilinganishe mbichi na kavu. Kila mchanganyiko weka alama yake kwenye kipande cha karatasi pamoja na kipimo.

Kwenye kuchora kwenyewe tutaenda haraka, mikono itajifunza mchana. Anza nyuma uje mbele: anga, ardhi, majengo, watu, mwisho maandishi. Anayeandika maneno kwenye tablo ahesabu herufi kwanza na kupiga mistari miwili kwa makala. Tumeona sentensi nzuri ikibanwa ukingoni kwa sababu mwenyewe alianza na herufi kubwa mno. Mafuta yanaweza kuja juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka kama ngozi iliyoungua.

Tablo itakwama. Kila tablo hukwama, kwa kawaida pale ambapo theluthi mbili zimekwisha, na hapo ndipo mtu anasema hamu imeniacha. Mara nyingi hamu haina kosa. Piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama yote ni kijivu kimoja, tatizo ni mwanga na kivuli, wala hutalitatua kwa kuongeza nyekundu. Igeuze tablo kichwa chini: kitu kizito kilichoegemea upande mmoja kitajionyesha. Funika robo moja kwa karatasi, kisha nyingine. Robo ambayo ikifunikwa picha inapona ndiyo yenye ugonjwa, na mara nyingi ni ile uliyoipenda sana. Kisha rudi nyuma ya kitambaa usome sentensi yako. Kitu kisichoisaidia kifute, hata kama kimechorwa vizuri.

Jioni usimalize sehemu unayoifanyia kazi. Acha bega moja, au paa moja, ambalo unajua kabisa litakavyokuwa, na andika rangi yake: "manjano 2, nyeusi nusu." Asubuhi utaanza nalo bila kufikiri, na baada ya dakika 20 utakuwa ndani ya kazi. Ukimaliza kila kitu jioni, asubuhi unakutana na swali gumu tumbo likiwa tupu.

Na tablo ikiuzika, irudie. Kurudia si aibu. Wachoraji wa miaka ya 1970 walichora habari moja mara nyingi kwa wateja tofauti. Ila kila mara badilisha kitu kimoja, kimoja tu: saa ya siku, au upande mtazamaji aliposimama. Ukibadilisha vitano hutajua kipi kiliipa nguvu.

Mteja anayesafiri kupitia mpaka wa Kasumbalesa atataka kuikunja. Mwambie angoje rangi ya akriliki ikauke wiki mbili, kisha ing'olewe kwenye fremu na kuviringishwa juu ya bomba pana, sm 15 kwenda juu, rangi ikitazama nje. Watu huviringisha rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda. Ndani inabanwa na kukunjamana, na mikunjo hiyo haitoki. Ikitazama nje inanyooshwa, na ufa mdogo ukitokea hujifunga tablo inapotandazwa tena. Karatasi ya kufungia mikate iwe juu ya rangi. Gazeti lisitumike, wino wake hushika. Mbao za fremu zifungwe pembeni, zimeandikwa namba kwenye kila kona.

Fremu ziko pale nyuma, misumeno miwili, utepe mmoja wa kupimia kwa kila meza. Tuanze na sm 100 za mshazari.